Kigugumizi changu, maneno ya Kihispania na kinu kitupu cha Likunja

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mzee. Najua humu kuna watu wa miaka hamsini wanaojiita wazee. Hao kwangu ni vijana, na wakija kwangu nawatuma dukani.

Akaunti hii amenifungulia mjukuu wangu Rehema. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, kwa hiyo mistari itakuwa mifupi na mtanivumilia.

Nitakayoyasema yamenitokea mimi. Anayetaka kusema ni chai aseme, ila amalize kusoma kwanza.

Jambo lenyewe ni hili. Mke wangu Somoe alipata kiharusi msimu wa korosho uliopita. Mkono wa kulia umelegea na maneno yameondoka. Ananielewa vizuri, nikimtania anatabasamu upande mmoja, lakini hasemi kitu.

Huyu ni mwanamke aliyekuwa anaanza kuongea alfajiri, hata kuku hawajashuka. Sasa nyumba imenyamaza, na mimi ukimya huu siupendi kabisa.

Nina ombi, litakuja mwishoni. Lakini halitaeleweka mpaka niwarudishe nyuma, enzi za mradi wa karanga wa Waingereza, Nachingwea.

Nimezaliwa Likunja, huku Ruangwa, na nimezaliwa na kigugumizi.

Sizungumzii kile cha kukwama kidogo mtu akikasirika. Mimi nikianza kuomba maji, unaweza kwenda kisimani ukarudi, bado niko kwenye "m".

Jina langu Selemani. Katika maneno yote ya dunia, hilo ndilo lililonishinda zaidi. Wenzangu walikuwa wananiuliza jina makusudi, halafu wanakaa chini kabisa, wanakunja miguu, wanasubiri.

Mama alihangaika sana. Nilinyweshwa kombe, yale maji ya kuoshea aya zilizoandikwa, nikachanjwa chale kooni. Mjomba wangu mmoja alijificha nyuma ya mlango akanishtua, akidhani kinatoka kama kwikwi. Hakikutoka, na usiku ule nikashindwa hata kusema nimeshiba.

Basi nikawa mtu wa kutikisa kichwa. Ndiyo, hapana, na kunyoosha kidole. Nilikua hivyo hivyo mpaka ndevu zikaanza kuota.

Miaka ile ya arobaini inaishia, hamsini inaingia, habari zikafika Likunja kwamba Nachingwea kuna kazi. Nikafunga kanga ya mama na ming'oko, vile viazi vya porini, ya kula njiani, nikaondoka kwa miguu.

Wakuu, Nachingwea ile siwezi kuwaeleza ikaeleweka. Mpaka leo nikijilaza mchana naiona.

Trekta mbili kubwa zinakwenda sambamba, katikati zimefunga mnyororo mzito, na pori lote linalala polepole mbele yao. Miti haikukatwa, ililazwa. Halafu vumbi jekundu linapanda na halishuki tena. Linakaa hewani mchana kutwa, jua linapita ndani yake, na watu wanatembea humo bila nyuso, unasikia sauti tu. Nilikuwa nasimama natazama mpaka nasahau nilikuwa nakwenda wapi.

Siku ya kuandikishwa kazi, karani akaniuliza jina. Mnajua kilichotokea.

Alisubiri kidogo, akasema, "Pembeni, mpishe mwenzako." Nikakaa pembeni.

Pale pembeni ndipo aliponiona Anselmo.

Huyu alikuwa Mhispania, mfupi, ana kipara, mikono mizito. Kwao kulikuwa na vita vya ndugu kwa ndugu, upande wake ukashindwa, akakimbia, akazunguka nchi za watu mpaka akaishia kwetu kwenye karakana ya trekta. Alikuwa mhunzi. Wazungu wengine hawakumkaribisha sana kwenye meza zao, na Mhispania mwingine hakuwepo. Kiswahili chake kilikuwa cha karakana, cha "wewe leta" na "wewe shika".

Hakuniuliza jina. Alinishika bega, akalibonyeza, akaniambia, "Wewe piga nyundo." Nikaajiriwa.

Sasa hapa nieleze kazi ilivyokuwa, maana kila kitu kinaanzia hapa.

Ile minyororo ya kulaza miti ilikuwa inapinda na kukatika. Pingili moja inaingia motoni, ikiwa nyekundu mhunzi anaishika kwa koleo, anailaza juu ya fuawe, lile bonge la chuma la kufulia.

Mkono mmoja ana koleo, mwingine ana nyundo ndogo. Mimi nimesimama mbele yake na nyundo kubwa ya mikono miwili.

Yeye anagonga kidogo, ti, ti, kunionyesha mahali. Mimi natua kwa uzito. Kisha yeye anagonga tena kidogo, ti, maana yake tumemaliza hapo, tunahamia pengine.

Ukitua mapema unavunja mkono wa mwenzako. Ukichelewa, chuma kimepoa. Na kwa vile masikio yake yalikuwa yameshaharibiwa na kelele, Anselmo hakutegemea kusikia. Alitegemea mwendo wa maneno mdomoni. Kila aina ya pigo aliipa neno la kwao, na wote wawili lazima tuliseme kwa pamoja, kwa kinywa, huku tunapiga.

La kwanza lilikuwa mariposa. Maana yake kipepeo.

Ma, ri, hapo anagonga yeye. PO, natua mimi. Sa, anamalizia yeye.

Ma-ri-PO-sa. Ma-ri-PO-sa.

Paloma, njiwa. Pa-LO-ma. Moja ndogo, moja nzito, moja ndogo.

Kulikuwa na corazón, yaani moyo, na hilo uzito uko mwisho kabisa. Co-ra-ZÓN. Anagonga mbili, mimi natua, na kazi imeisha. Halafu pájaro, ndege, hilo uzito uko mwanzoni, natangulia mimi na yeye ananifuata. PÁ-ja-ro. Hilo nililiogopa kwa muda mrefu, maana hakuna anayekutangulia.

Mengi ya maneno yao uzito unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, kama sisi. Semeni wenyewe taratibu: ka-RA-nga. M-ko-RO-sho. Na wao za-PA-to, kiatu. Ven-TA-na, dirisha. Nilikuwa nayasema yale maneno na mdomo wangu hauyashangai hata kidogo.

Ilipita muda, sijui wiki ngapi, ndipo mtu wa mivukuto, yule anayepulizia moto, akaniuliza, "Wewe si una kigugumizi?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Mbona hapo hukwami?"

Wakuu, nilikuwa sijaona. Nilisimama na nyundo yangu nikahisi jasho linanishuka mgongoni, si la moto. Kutwa nzima nilikuwa nasema maneno kamili, kwa sauti, mbele ya watu.

Nilijaribu kumweleza Anselmo. Nikakwama palepale. Lakini alielewa, akaniuliza kwa mara ya kwanza jina langu. Nikaanza, "S-s-s..."

Akaninyamazisha kwa kidole. Akachukua nyundo ndogo, akagonga kipepeo kwenye fuawe tupu. Ti, ti. Akanisubiri, akagonga mwenyewe kwa nguvu, kisha ti. Akamuuliza mtu wa mivukuto jina langu, akaligonga nalo vilevile.

Se-le-MA-ni. Lilikuwa na mwendo uleule wa kipepeo.

Akaniambia kwa Kiswahili chake, "Wewe ogopa mwanzo. Mwanzo bure. Wewe angalia nzito iko wapi. Ndogo tembea tu, kwenda kwa nzito."

Nikagonga kwa kidole kwenye paja langu. Nikasema jina langu. Nilisema Selemani, nikasema tena, nikatoka nje ya karakana nikalisema nikiwa peke yangu kwenye lile vumbi, na nikalia, sioni haya kuwaambia.

Sikupona, jamani. Nisije nikaonekana nauza dawa. Nikiwa na haraka au hofu nilikuwa nakwama vilevile. Lakini nikipata nafasi ya kugonga kidole cha mkono wa kulia, nikajua uzito uko wapi kabla sijafungua mdomo, neno lilitoka.

Nilikuwa narudi Likunja kila nikipata ruhusa. Jirani yetu alikuwa bibi mmoja mkali anaishi na mjukuu wake, ndiye Somoe. Baba yake, Bakari, alishafariki.

Somoe alikuwa anatwanga uani jioni jioni. Maua ya mikorosho yakiwa yamefunguka, ile harufu tamu imejaa kijiji kizima, na mchi unapanda na kushuka. Mimi nakaa upande wa pili wa uzio nasuka mkeka nisiojua kuusuka.

Siku moja akaniuliza, "Kaka Selemani, hicho kidole kinahesabu nini?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa kugonga, taratibu, na yeye badala ya kucheka akanyanyua mchi akajaribu. Mbili ndogo, moja nzito, moja ndogo. Unga ukaruka.

Bibi yake akamgombeza, "Unatwanga au unacheza ngoma? Huo unga utakuwa chenga tupu."

Somoe akatwanga hivyo hivyo. Nikamfundisha paloma, nikamwambia ndilo jina lake, maana lina mwendo mmoja na So-MO-e. Nadhani ndiyo posa yenyewe, hayo mengine yalikuja kwa ajili ya watu.

Hayo mengine sasa ndiyo yalikuwa na kazi.

Kidini walii wake alikuwa baba yake mdogo, mtu mpole, alishakubali. Lakini kwetu Wamwera anayesikilizwa ni mjomba. Na mjomba wake Somoe, Mjomba Mfaume wa Nanganga, alikuwa hataki.

Hakunichukia. Alisema wazi mbele ya wazee wangu, "Kijana ni mchapakazi, sina neno. Lakini ndoa ni kauli. Mtu asiye na kauli, siku mke akionewa na ndugu zake atamtetea kwa nini, kwa kidole?"

Mwalimu wa chuo cha Kurani akasema dini inaruhusu bwana harusi kuweka wakili wa kumsemea. Mjomba Mfaume akakataa. "Nimsikie mwenyewe, bila kusukumwa na mtu. Akishindwa, tule wali wetu, kila mtu arudi kwao, na binti nitaondoka naye Nanganga."

Hivyo ndivyo ilivyowekwa. Sentensi moja, au Somoe naondokewa naye.

Wakati huohuo mradi ulikuwa unapungua. Trekta zikawa zinasimama, nyasi zinaota kati ya magurudumu. Anselmo akapewa safari. Nilimsindikiza stesheni, nikataka kumshukuru na kumweleza kuhusu harusi, nikakwama kwenye "a" ya ahsante.

Akapanda behewa. Treni ilipoanza kwenda, akanyoosha mkono dirishani, akagonga bati la ubavuni. Mbili ndogo, moja nzito, moja ndogo. Alikuwa ananiita jina. Nikamgongea yake kwenye nguzo, An-SEL-mo, sijui kama aliona. Sikumwona tena.

Kwa hiyo mazoezi tukafanya mimi na Somoe, yeye na mchi, mimi na kidole, uzio katikati. Ni-me-ku-BA-li. Tatu ndogo, moja nzito, moja ndogo. Ku-mu-O-a. So-MO-e. Tuliitwanga ile sentensi mpaka bibi akasema kinu kitapasuka.

Kisha Somoe akawekwa ndani kama bibi harusi, nikabaki na kidole changu.

Siku ikafika. Watu walitoka Chunyu, Nanganga, Nachingwea. Wanawake uani wanatwanga mpunga wa mwisho, michi mitatu kwenye kinu kimoja, vigelegele. Sisi barazani kwenye majamvi. Mjomba Mfaume alikaa mbele yangu kabisa, magoti yetu yanakaribia kugusana.

Mwalimu akataka utulivu. Uani wakanyamazishwa.

Halafu akafanya jambo ambalo nimeliona kwenye kila ndoa tangu nizaliwe, na sikuwahi kulifikiria hata mara moja. Alinishika mkono wa kulia.

Ndivyo ndoa inavyofungwa, mnajua wenyewe. Mkono wa kulia wa bwana harusi unashikwa mpaka maneno yaishe. Na mkono wangu wa kulia ndio uliokuwa na kidole.

Mwalimu akasoma, akanitamkia, akaniachia nafasi nijibu.

"Ni," nikasema. "Ni. Ni. N-n-n..."

Nikajaribu kidole cha kushoto kwenye paja. Nikaona macho ya Mjomba Mfaume yamekifuata. Nikakikunja.

"N-n-n..."

Watu walitazama chini. Mtu mmoja alikohoa kwa kunionea huruma, na ile huruma ilinimaliza zaidi. Baba yangu mzazi alikuwa amefumba macho. Niliona kabisa Somoe anatoka na mzigo wake kuelekea Nanganga, na mimi nimekaa kwenye jamvi nimeshikwa mkono.

Ndipo kinu kikalia.

Mchi mmoja tu. Na haukuwa unatwanga kitu. Kinu chenye mpunga kina sauti ya kuziba. Kile kilikuwa kitupu, sauti yake inavuma, inaingia mpaka tumboni. Na kwetu kinu kitupu hakitwangwi, hata mtoto akikigusa anachapwa, maana wanasema anaita njaa.

Ti, ti, TWI, ti.

Kipepeo. Jina langu.

Kikanyamaza kidogo. Halafu kikaanza upya, taratibu. Ti, ti, ti, TWI, ti.

Sikufikiria kitu. Nilifumba macho nikauona ule moto wa karakana na lile vumbi limejaa jua, na silabi ndogo zikaanza kutembea zenyewe kwenda kwenye nzito.

"Nimekubali," nikasema. Kinu kikaenda, na mimi nikaenda nacho. "Kumuoa Somoe binti Bakari, kwa mahari tuliyokubaliana."

Yote. Bila kukwama hata mahali pamoja.

Hakuna aliyepiga kigelegele, maana wote walikuwa wamegeukia uani. Mjomba Mfaume akauliza kwa sauti nzito, "Nani anatwanga ndoa inasomwa?"

Kisha mama mmoja akatoa kichwa mlangoni, amejishika shavu kwa aibu.

"Ni bibi harusi, mjomba. Ametoka ndani na kanga yake, amepindua mpunga wetu wote chini."

Bibi harusi wa kwetu siku hiyo hakanyagi hata chini, wakuu. Anabebwa. Kungwi wake, mama aliyemfunda, alikuwa anamvuta mkono na yeye amekumbatia mchi.

Mjomba Mfaume alinitazama, akatazama mlangoni, akanitazama tena. Nilidhani ndiyo imekwisha.

Akasema, "Haya. Nimewasikia wote wawili."

Mwalimu akaniachia mkono. Ule wali ulikuwa na mchanga, na watu waliula wote.

Tumeishi. Tumezaa, tumezika, tumepalilia mikorosho. Maneno ya Anselmo tulikuwa nayo humu ndani kama maneno ya siri. Tukigombana, anayetaka kupatana anagonga ukuta. Pa-LO-ma. Mwingine akijibu, basi, tunakula.

Sasa turudi leo.

Unga siku hizi tunasaga mashine. Kile kinu kilikuwa kimelala nyuma ya nyumba, kuku wanatagia. Muuguzi wa mazoezi aliniambia niendelee kumsemesha Somoe, nisichoke. Nikawa namsemesha. Ananitazama, machozi yanamtoka upande mmoja, hakuna kitu.

Juzi mchana nilijilaza nikaota karakana. Nilipoamka nikamwambia Rehema anisaidie kukivingirisha kinu mpaka barazani alipolala bibi yake. Akaniuliza, "Babu, kuna nini cha kutwanga?"

Nikamwambia hakuna kitu.

Nikakaa kwenye kigoda na mchi, mikono hii haina tena nguvu ya kuuinua juu. Nikagonga kidogo tu. Somoe akageuza macho. Kidole chake cha kushoto kikaanza kutembea kwenye mkeka, kinanifuata.

Kesho yake tena, na leo tena.

Leo nikaanza jina langu. Nikagonga mbili ndogo, se, le, na mkono ukachoka. Nikasita kidogo, mchi uko hewani.

Somoe akatua.

"MA," akasema.

Sauti nzito, imekwaruza, ya mtu aliyekaa miezi bila kusema. Rehema alidondosha sufuria. Mimi nikamalizia ile ndogo ya mwisho, ni, kwa sababu ndiyo kazi ya anayeshika koleo.

Tumerudia mpaka amesinzia. Zile ndogo hazisemi, haziwezi bado. Nzito anaiweza.

Wakuu, fundisho langu ni fupi. Mtu akikwama msimsukume kwenye mwanzo. Tembeeni naye kwenye silabi ndogo, mumwachie ile nzito aitue mwenyewe.

Na ombi langu ndilo hili. Mwenye mgonjwa wa namna hii aniambie wao walifanyaje, waliendaje mbele. Na ambaye hana mgonjwa, aniwekee hapa chini neno moja tu, la lugha yoyote, Kimwera, Kimakonde, Kiyao, Kihaya, chochote, aliandike kwa silabi na anionyeshe uzito uko wapi.

Ya Anselmo ni machache na tumeyazungukia yote. Nileteeni mengine. Kesho mchana nakaa kwenye kigoda, nitampigia kila moja.